Nyota kwa Majira, Ndege kwa Shamba

Kilimia kinapoonekana upande wa mashariki kabla ya mapambazuko, mwezi wa Juni, wakulima wa milimani kisiwani Borneo hujua kuwa wakati wa kunoa mapanga na mashoka umewadia. Waiban wa Sarawak, upande wa Malaysia, na jirani zao Wakantu wa Kalimantan Magharibi, upande wa Indonesia, wameyafuata majira hayo ya angani kwa vizazi vingi, kama walivyoyafuata wakulima wa pwani ya Afrika Mashariki. Nyota hazibahatishi. Mwaka huu zitachomoza kama zilivyochomoza mwaka jana, na mwenye macho hahitaji kumuuliza mtu.

Kuchagua mahali pa kulima ni habari nyingine. Mkulima wa Kikantu wa zamani aliweza kuusoma udongo, mteremko na umri wa msitu kwa kuutazama tu, lakini hakushika panga mpaka ndege wamkubalie. Alikwenda msituni asubuhi akasikiliza. Ndege wenye kauli walikuwa saba, miongoni mwao kigong'ota mdogo aitwaye ketupong, na nendak, ndege mwimbaji mwenye mkia mrefu. Kwa Waiban, ndege hao ni wakwe wa Singalang Burung, mungu ambaye umbo lake la duniani ni mwewe mwekundu mwenye kichwa cheupe. Maana ya mlio ilitegemea ni ndege yupi, amelia kwa sauti gani, yuko kulia au kushoto, na nani kamtangulia. Fali ikiwa mbaya, mtu alirudi nyumbani. Hata aliyekwisha kufyeka kwa siku kadhaa angeweza kulazimika kusimamisha kazi, kutoa sadaka, au kuliacha eneo lote akaanze upya kwingine.

Msomaji aliyelelewa msikitini au kanisani ana neno tayari kwa jambo kama hilo: ushirikina. Afisa wa kilimo naye ana lake: ujinga. Maneno yote mawili yanalifunga swali mapema mno. Watu walewale walioweza kupima majira kwa nyota, tena kwa usahihi, waliamua kwa makusudi kutopima mahali pa shamba kwa akili peke yake. Kwa nini watenganishe mambo hayo mawili?

Jibu linaanzia kwenye udongo. Kilimo cha kuhamahama hufanyika zaidi katika ardhi ambayo rutuba yake haimo ardhini. Katika misitu ya mvua ya Borneo, chakula kingi cha mimea kimo ndani ya miti yenyewe, na mvua hulowesha na kukokota chochote kilichobaki chini. Mkulima hufyeka, huacha miti ikauke, huchoma, na kwa moto huo huigeuza miaka ya ukuaji wa msitu kuwa majivu yenye potasi na fosforasi, yanayopunguza ukali wa tindikali ya udongo. Moto pia huua mbegu za magugu. Baada ya hapo wanaume hutangulia wakitoboa mashimo kwa muo, wanawake hufuata wakitia mbegu za mpunga wa mlimani. Mwaka mmoja au miwili baadaye magugu huanza kushinda palizi, na familia huliacha konde lipumzike lirudie kuwa msitu, kisha huhamia kwingine. Wakipewa nafasi ya kutosha, hurejea palepale baada ya miaka kumi, kumi na mitano au zaidi.

Mpango huo wote unategemea mambo ambayo hakuna mzee anayeweza kuyaona kabla. Kalimantan Magharibi hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na kiangazi chake ni kifupi na kigeugeu. Mvua ikija wiki moja mapema, shamba haliungui vizuri, na shamba lisiloungua vizuri ni njaa. Ikichelewa, mche hukauka. Aliyelima bondeni anaweza kufurikiwa na mto. Aliyelima juu, mwaka huohuo, akavuna vema. Mwaka unaofuata mambo hugeuka. Panya, nguruwe mwitu na wadudu nao hawatoi taarifa.

Mwanaanthropolojia Michael Dove aliishi na Wakantu kwa miaka miwili kuanzia 1974, na mwaka 1993 alichapisha makala kuhusu fali zao ambayo hadi leo inasomwa na watu wa dini, wa ikolojia na wa falsafa. Wenzake walikuwa wamezoea kutafuta siri ya kimazingira ndani ya desturi kama hizo: labda ndege fulani hulia mahali penye msitu uliopevuka, kwa hiyo anayemfuata anafuata udongo mzuri bila kujua. Dove alilikataa wazo hilo. Alivyoona yeye, milio ya ndege hao haikuwa na uhusiano wowote na ubora wa shamba. Ndege hawakujua kitu, na hapo ndipo ilipokuwa faida yao.

Fikiria kijiji ambacho kila mtu anatumia akili na kumbukumbu. Mwaka jana mashamba ya bondeni yalistawi. Basi mwaka huu wote watashuka bondeni. Mto ukifurika, nyumba ndefu nzima, yenye kaya kumi au ishirini chini ya paa moja, italala njaa kwa pamoja. Fali huvunja msafara huo. Kila kaya hutafuta ndege wake yenyewe, na kwa kuwa ndege hulia wapendavyo, kaya hutawanyika: hii inapata kibali juu, ile chini, nyingine inazuiwa mahali ilipopatamani. Wakantu pia walikuwa na kawaida ya kulima zaidi ya shamba moja kwa mwaka na kupanda aina nyingi za mpunga ndani ya kila shamba. Mwaka wowote ule, kwa hiyo, kulikuwa na aliyekosa, na kulikuwa na aliyepata. Na aliyepata alikuwa na wajibu kwa aliyekosa, kwa mkopo wa mpunga au kwa kazi ya vibarua wakati wa mavuno.

Huko nyuma, mwaka 1957, msomi wa Marekani Omar Khayyam Moore alikuwa amesema jambo la karibu na hilo kuhusu wawindaji wa Kinaskapi wa Labrador, Canada, ambao walikuwa wakichoma mfupa wa bega wa mnyama na kufuata nyufa zake kuchagua njia ya mawindo. Kwa kufanya hivyo, alidai, hawakurudia njia zilezile mpaka wanyama wakazizoea. Karibu zaidi na Waswahili kuna mfano wa Wazande, ambao nchi yao inafika kaskazini mashariki mwa Kongo na ambao nao walikuwa wakulima wa kuhamahama. E. E. Evans-Pritchard aliishi kwao miaka ya 1920, na katika kitabu chake cha 1937 alisimulia namna walivyomlisha kuku sumu na kuuliza swali, kisha wakangoja afe au apone. Mwingereza huyo hakuamini uchawi. Hata hivyo alikiri kwamba yeye mwenyewe aliendesha nyumba yake kwa hukumu za sumu ile, na hakuona kuwa ni njia mbaya kuliko nyingine anazozijua.

Hapa msomaji wa dini atasimama, na ana haki ya kusimama. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakimshtua ndege na kutazama kama ameruka kulia au kushoto kabla ya safari. Mtume aliikataza desturi hiyo. Kurani inakataza pia mishale ya kupigia ramli. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inawakataza Waisraeli kuwafuata watazamao nyakati mbaya na wapiga ramli. Maandiko hayo hayaachi mwanya mkubwa.

Lakini maandiko hayohayo yanasimulia kura bila kuilaani. Yunus alitupwa baharini baada ya kura kumwangukia, na kisa hicho kimo katika Biblia na katika Kurani. Maryam alipatiwa mlezi, Zakaria, baada ya watu kutupa kalamu zao. Mitume wa Yesu walimpata Mathiya, wa kushika nafasi ya Yuda, kwa kura. Mtume Muhammad alikuwa akipiga kura kati ya wakeze ili kujua nani atafuatana naye safarini. Na pwani yetu hakuna aliye mgeni wa istikhara, sala ambayo mtu aliyekwisha kufikiri anarudisha uamuzi kwa Mola na kuomba azuiwe kama jambo hilo halina heri.

Tofauti iko wapi? Wanazuoni wameieleza kwa njia nyingi, lakini mfano wa Borneo unasaidia kuiona waziwazi, kwa sababu fali ya Wakantu inabeba mambo mawili yaliyosokotana. La kwanza ni dai la kujua ghaibu: kwamba ndege huyu analeta habari ya mavuno yajayo kutoka kwa mkwewe. Hilo ndilo dini za Kitabu zinalolikataa, na sayansi inalikataa pamoja nazo. La pili ni kukiri kwamba elimu ya mwenye shamba haitoshi, na kwamba hata akiwa na hakika, lazima awepo wa kumwambia ‘hapana’. Hilo la pili dini zenyewe zinaliamrisha. Na kwa hesabu ya Dove, ni hilo la pili lililokuwa likiwalisha watu, huku la kwanza likilipa nguvu ya kutiiwa.

Mwanafalsafa mkaidi atauliza: je, la pili linaweza kusimama bila la kwanza? Mkulima akishaambiwa kuwa ndege ni bahati nasibu, atakubali kuacha shamba alilolifyeka kwa wiki nzima kwa sababu ya mlio wa kigong'ota? Pengine hapana. Unyenyekevu unaotokana na hesabu ni dhaifu mbele ya tamaa. Ule unaotokana na hofu ya mungu ni mgumu kuuvunja. Tena muumini mwenyewe ana sababu ya kuudhika na maelezo ya Dove. Mzee wa Kiiban hakwenda msituni kusambaza hatari za kilimo. Alikwenda kumsikiliza Singalang Burung, na kumwambia kuwa alikuwa akifanya kitu kingine bila kujua ni kumheshimu kwa mkono mmoja na kumdharau kwa mwingine. Heshima ya kweli ingekubali kwamba alijua jambo moja barabara: kuna mambo yanayopimwa kwa nyota, na kuna mambo ambayo anayedai kuyapima anajidanganya.

Ujuzi huo haukuishia kwenye ndege. Mpira uliletwa Asia kutoka Brazil katika miaka ya 1870, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wadayak wa Borneo, yaani Waiban, Wakantu na wenyeji wenzao, wakaupokea kwa shangwe. Uliingia vizuri katika mzunguko wao: mkulima alipanda miche ya mpira ndani ya shamba la mpunga, akavuna mpunga, akaliacha konde lipumzike, na badala ya msitu mtupu akarudi kwenye msitu wenye mpira wa kugema. Bei ilipokuwa nzuri aligema. Ilipoanguka aliiacha miti ikae, akala mpunga wake. Wakulima hao wadogo wakawa washindani wa kweli wa mashamba makubwa ya Wazungu, kiasi kwamba mapatano ya kimataifa ya mwaka 1934 ya kupunguza uzalishaji yaliwabana wao kwa kodi kali.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 ndoto ilienea miongoni mwa watu wa sehemu za ndani za Borneo. Ilisema kwamba roho ya mpira inaila roho ya mpunga. Baadhi ya watu waliamka wakaikata mipira yao. Kwa wafanyabiashara wa miji ya Kuching na Pontianak huo ulikuwa wazimu. Kwa anayejua nafasi ya mpunga kwa Waiban, ilikuwa hoja ya kidini yenye uzito. Kila familia ya Kiiban ina padi pun, mbegu yake takatifu iliyorithiwa, hupandwa katikati ya shamba na kuvunwa mwisho. Mpunga una roho, nayo roho huweza kukimbia ikidharauliwa. Ndoto haikuwakataza watu mpira. Wengi waliendelea kugema. Iliwakumbusha kwamba zao la soko, likiachiwa, halitaridhika kukaa kando ya chakula, na historia ya bei ya mpira baada ya hapo haikuipinga.

Watawala waliona moto tu. Mwaka 1955 Derek Freeman, aliyewatafiti Waiban wa mto Baleh, alieleza kwa kina namna baadhi yao walivyokuwa wakila msitu mkongwe kwa pupa, wakilima palepale miaka miwili mfululizo na kuhamia mbele. Alikuwa sahihi kuhusu watu wale, waliokuwa watafuta nchi mpya. Lakini lawama ilihamishiwa kwa wote. Mwaka 1957 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa wito kwa serikali za nchi za joto kukiondoa kilimo cha kuhamahama, likikiita kikwazo kikubwa. Mwaka huohuo FAO ilichapisha kitabu cha Harold Conklin kuhusu Wahanunóo wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino, kilichoonyesha watu wanaotambua aina zaidi ya 1,600 za mimea na wanaopanda mazao kwa makumi katika konde moja. Wito ulisikilizwa zaidi kuliko kitabu.

Sheria nayo ikaja na mizani yake. Katika Sarawak, haki ya ardhi kwa desturi inahusu zaidi ardhi iliyofyekwa kabla ya Januari 1, 1958. Lakini desturi ya Kiiban haina mashamba peke yake. Ina temuda, makonde yanayopumzika, na ina pulau galau, misitu ambayo jamii imeiacha kwa makusudi kwa ajili ya mbao, mawindo na maji. Desemba 2016 Mahakama ya Shirikisho ya Malaysia, katika kesi ya Sandah, iliamua kwamba desturi ya misitu iliyohifadhiwa hivyo haikuwa na nguvu ya kisheria. Aliyefyeka alikuwa na haki, aliyejizuia hakuwa nayo. Mwaka 2018 Bunge la Sarawak lilirekebisha sheria ili kuyatambua maeneo hayo kwa kiwango fulani, baada ya maandamano na malalamiko mengi.

Upande wa Indonesia njia imekuwa tofauti. Mei 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba misitu ya kimila si misitu ya dola. Sheria ya mazingira ya mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kumruhusu mkulima wa mila kuchoma hadi hekta 2 kwa kila kaya, akizungushia kinga ya moto na kupanda mbegu za kienyeji. Hata hivyo moshi wa mwaka 2015 na wa 2019, ambao kwa sehemu kubwa ulitoka kwenye ardhi ya mboji iliyokaushwa, ulifanya kila moto uwe wa kutiliwa shaka. Wakulima 6 wa Sintang, Kalimantan Magharibi, walishtakiwa kwa kuchoma mashamba yao, kisha mahakama ikawaachia Machi 2020.

Leo Waiban na Wakantu wengi ni Wakristo. Misheni ya Kianglikana ilifika Kuching mwaka 1848, na Wakatoliki na Wamethodisti wakafuata. Msumeno wa mota umechukua nafasi ya shoka, dawa ya magugu imechukua kazi ya palizi, vijana wako viwandani na mijini, na makonde hupumzishwa miaka michache kuliko zamani. Wapo wanaolima mpunga kidogo kwa ajili ya mbegu ya ukoo tu. Sherehe ya Gawai Dayak, sikukuu ya umma Sarawak kila Juni 1 tangu 1965, inawarudisha watu kwenye nyumba ndefu kwa chakula na ngoma. Katika mabadiliko yote hayo fali imekuwa ya kwanza kuondoka. Msitu ukipungua ndege hupungua, na padri hana sababu ya kuwaombolezea.

Makanisa yamejaza sehemu ya nafasi hiyo kwa kubariki mbegu na kwa ibada za shukrani ya mavuno. Ni ibada njema, lakini ukizitazama kwa makini utaona zinakuja mahali pengine katika mpangilio wa kazi. Mbegu hubarikiwa shamba likiwa limekwisha chaguliwa. Ndege alikuja kabla, akiwa na uwezo wa kumrudisha mtu nyumbani. Baraka humtia nguvu aliyeamua, haimzuii.

Na uamuzi wenyewe umekuwa mkubwa mno kuliko zamani. Mchikichi, mti ambao watu wa Kongo na Kigoma wanaujua kwa mawese ya jikoni, huko Borneo umekuja kwa ramani. Kampuni hukusanya makonde ya kijiji kizima, yaliyolimwa na yanayopumzika, juu na chini, na kuyapanda zao moja ambalo litazaa kwa miaka kama 25. Wanakijiji hupata sehemu ya eneo au mgawo wa mapato. Baadhi yao wamefaidika kweli: nyumba za matofali, watoto vyuoni, barabara. Anayesema kuwa wangebaki na ndege wao hajawahi kungoja mvua iliyochelewa akiwa na ghala tupu. Lakini kaya zinazotoa ardhi yote kwa mkataba mmoja zinafanya lile ambalo fali ililizuia, yaani wote kushuka bondeni mwaka mmoja, na bei ya mawese ya dunia ni mto ambao hakuna mzee wa kando ya mto Kapuas, Kalimantan Magharibi, aliyewahi kuuona ukifurika.

Wengine wamefanya kimyakimya jambo jingine. Wamepanda michikichi michache, wameacha mipira ya babu ikae hata isipogemwa, na mahali fulani mlimani wanaendelea kufyeka konde dogo la mpunga. Kwa mhasibu hawana mpango. Hawaendi tena msituni kumsikiliza ketupong, na ukiwauliza juu ya Singalang Burung watakuambia ni hadithi za wazee. Wameliacha dai la kujua ghaibu, kama padri alivyotaka. Lile la pili wamebaki nalo, bila ndege wala kitabu cha kulitetea, na hadi sasa si kanisa wala wizara iliyolihesabu kuwa ni elimu.